Mabati ya Sitara

Feni ilikata roho saa sita kasoro robo, na kabla mapanga yake hayajamaliza kuzunguka mtoto alikwishaanza kulia. Bi Umulkheir hakuhitaji kwenda kutazama mita. Tokeni zilikuwa zimekwisha, kama zilivyokwisha juzi, na kama zilivyokwisha siku tatu kabla ya juzi. Feni mbili, usiku na mchana, katika nyumba ambayo baba yake aliishi miaka sabini bila kuitamani hata moja.

"Mama," Afra aliita kutoka ndani, "hataki ziwa."

"Mpepee."

"Nampepea tangu alfajiri. Mkono ushakufa."

Bi Umulkheir aliingia, akachukua kipepeo cha ukili mkononi mwa binti yake, akaanza kupepea yeye. Mtoto, Nour, alikuwa na siku kumi na moja duniani. Shingo yake ilikuwa imejaa vipele vyekundu, midomo imekauka, na kilio chake cha jana kilikuwa na nguvu kuliko cha leo. Hilo ndilo lililomtisha bibi yake. Mtoto anayelia kwa nguvu mwache akuudhi. Anayelia kidogo kidogo ndiye wa kuogopwa.

Wasingeweza kwenda popote. Afra alikuwa ndani ya arobaini, amekuja kuzalia kwa mama yake kama ilivyo ada, na mumewe Fawaz yuko kazini Mombasa. Bi Umulkheir naye alikuwa eda. Mumewe, Bwana Hamid, alikufa siku sabini zilizopita, na alikuwa amebakiwa na siku hamsini na nane za kukaa ndani. Na nyumba yenyewe, iliyokuwa ikisifiwa mtaa mzima wa Mkomani kwa ubaridi wake, ilikuwa imegeuka tanuri.

Haikuwa hivyo zamani. Ni nyumba ya mawe, kuta zake pana kama urefu wa mkono wa mtu mzima, zimepigwa chokaa, na ghorofani, ubavuni mwa ukuta wa jirani, pana kiwanda, ule uwanja mdogo wa ndani usiokuwa na paa, ambao vyumba vyote vinauelekea. Baba yake Bi Umulkheir alipompa nyumba hii siku ya ndoa yake, kama wazee wa Lamu wanavyowapa binti zao, alimpa na maneno. "Nyumba hii ina pumzi, mwanangu. Huvuta ubaridi wa ndia mlangoni, ikatoa joto kiwandani. Usiizibe pua." Na kweli, miaka thelathini na miwili hakuna aliyeiziba.

Shemegi yake Badawi aliiziba siku ya nne baada ya mazishi. Alikuja na mafundi na mabati manane, akayapanga yakafunika kiwanda chote, upande mmoja yamepigiliwa misumari kwenye ukuta wa gesti ya jirani, upande wa pili kwenye dari, lile paa bapa la kukanyagika, la Bi Umulkheir. Alisema ni kwa ajili ya sitara. Gesti ya Bwana Jamaludin ilikuwa imeongezwa ghorofa, na wageni wake wangeweza kumwona mjane aliye eda. Watu waliokuja matangani walimsifu Badawi mpaka akaona haya. Bi Umulkheir, ambaye siku hiyo asingejua hata kama wangeipaka nyumba lami, aliitikia kwa kichwa.

Sasa ilikuwa mwezi wa nne, kaskazi limekata na kusi halijaingia, na lile jua lilikuwa likipiga mabati tangu asubuhi.

*

Badawi alikuja baada ya adhuhuri. Hakupanda. Shemegi si maharimu, kwa hivyo alisimama chini ya ngazi nyuma ya pazia, na Bi Umulkheir akasimama juu, wakazungumza bila kuonana kama walivyokuwa wakizungumza siku zote hizi.

"Shemegi, hujambo? N'metuma tokeni za mia mbili. Zimefika?"

"Zimefika, Allah akuzidishie. Na kesho kutwa zitakwisha. Sikukuita kwa tokeni, Badawi. Nataka mabati yaondolewe."

Ilisikika sauti ya mtu anayekuna ndevu.

"Wewe u eda, shemegi. Wageni wa Jamaludin huketi yuu ya dari lao na nguo za kuogelea, wakitazama tini. Marehemu nduyangu angekubali mkewe aonekane?"

"Marehemu nduyo alilala kiwandani miezi ya joto yote, miaka thelathini na miwili, akihesabu nyota mpaka alale. Wageni wakitazama, nipigie makuti ya kusimama pembeni, kama walivyofanya wazee. Sitara nitapata, na upepo utapita. Mabati ya nini?"

"Makuti hushika moto."

"Na sisi tushashika."

Badawi alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekwisha kuamua. Akasema Bwana Jamaludin ni mtu wa kheri, amesikia habari za joto, na ana kiyoyozi kikuukuu ambacho yuko radhi kumpa bure. Watakitia ndani, kwa Afra, na mambo yatakwisha.

"Bure ya nani?" Bi Umulkheir aliuliza. "Feni mbili zanitafuna, hicho kiyoyozi nitakilisha kwa mali ya nani? Mimi sitaki baridi ya kununua. Mimi nna baridi yangu, mumeifunika."

"Shemegi, mambo ya nde tuachie waume. Eda ikisha tutazungumza."

"Mwana ana siku kumi na moya. Yeye atangoya eda ishe?"

Lakini mlango wa chini ulikuwa umekwisha kufungwa. Alikuwa akisema na pazia. Baadaye kidogo simu ya Afra ililia, na Bi Umulkheir aliisikia sauti ya Badawi ikimwambia binti wa nduguye, kwa upole mwingi, kwamba mamake ana huzuni nyingi, wamstahamilie, mjane husema asiyoyajua. Huzuni! Bi Umulkheir alikuwa na huzuni, ndiyo, na huzuni yake alikuwa akiijua vizuri, alikuwa akilala nayo kila usiku upande ule wa kitanda uliokuwa wa Hamid. Hii ilikuwa hasira, na ilimuudhi zaidi kwamba mtu alikuwa akimnyang'anya hata jina la kile anachohisi.

*

Muuguzi alikuja saa tisa. Aliitwa Emily, msichana wa bara mwenye mkoba mkubwa, na kazi yake ilikuwa kuzunguka mitaani akiwaangalia wazazi na watoto wachanga. Alipanda ngazi akizungumza, akafika juu amenyamaza. Alisimama mlangoni mwa kiwanda, akatazama mabati, akajifuta uso kwa ukingo wa mtandio wake.

"Mama, hapa ndani mnaishi kweli?"

"Twaishi," Bi Umulkheir alisema, na aliona haya kama mtu aliyekutwa hajafagia.

Emily alimfungua mtoto. Afra alikuwa amemvika fulana na kofia na kumfunika kwa doti la kanga, kwa kuwa mtoto mchanga hufunikwa, na mzazi mwenyewe alikuwa chini ya blanketi, kwa kuwa mzazi hutiwa joto. Hapakuwa na aliyekosa. Ada hizo zilitungwa kwa nyumba yenye kiwanda wazi, na wao walikuwa wakizifuata ndani ya sufuria lenye kifuniko. Kipima joto kililia kwapani mwa mtoto. Thelathini na nane, nukta nne.

Muuguzi alimvua mtoto nguo zote. Alimbeba Nour mtupu, akashuka naye ngazi mpaka tekani, kile kiukumbi cha nyuma ya mlango wa mbele, ambako hewa ya uchochoro hupita. Alimpangusa kwa kitambaa cha maji, akamtaka Afra ashuke ajaribu ziwa. Baada ya nusu saa akampima tena. Thelathini na saba, nukta tano. Mtoto alikuwa akinyonya kwa pupa, mkono wake umemshika mama kidole.

"Homa ya ugonjwa haishuki kwa kuvuliwa nguo," Emily alisema. "Huyu hana ugonjwa. Anapikwa na nyumba. Mkae hapa."

"Hapa ni ndia ya kila mtu, mwanangu. Waume waja, wauza samaki waja. Mzazi halazwi mlangoni."

"Basi fungueni ile paa. Mtoto wa umri huu akipoteza maji, hachukui siku mbili." Alifunga mkoba wake. "Kesho saa nne narudi. Nikimkuta hivi tena, tunaenda hospitali, arobaini ama si arobaini. Nyinyi wawili mtaamua nani anabaki."

Bi Umulkheir alimshukuru. Alimtazama akitoka kwenye mwanga wa uchochoro, na kwa mara ya kwanza tangu afiwe alimwonea mtu wivu kwa sababu ya kuweza kutoka tu.

*

Alasiri, wakati wamekwisha kurudi juu, Afra amesinzia na mtoto ameanza tena kile kilio kidogo kidogo, palisikika nyayo juu ya vichwa vyao. Mtu alikuwa akitembea juu ya mabati. Yalikuwa yakilia puu, puu, kisha kikaanguka kitu cha chuma.

Bi Umulkheir alijitanda, akapanda kile kijingazi cha kwendea darini. Hakutoka. Aliufungua mlango kiasi cha vidole viwili na kusimama nyuma yake.

"Nani atembeaye yuu ya nyumba yangu?"

"Samahani mama! Ni fundi. Naitwa Kipchumba. Naangalia tu mashine."

"Mashine gani?"

"Hizi nne za gesti."

Na hapo ndipo alipoziona kupitia ule upenyo. Masanduku manne meupe yalikuwa yametundikwa kwenye ukuta wa Jamaludin, juu kidogo ya kiwanda chake, midomo yao yote imeelekezwa kwake. Mapanga yao yalikuwa yakizunguka. Ule mngurumo aliokuwa akiusikia usiku na mchana, ambao Badawi alimwambia ni pampu ya maji, ulikuwa wao. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye mipira yao juu ya mabati, tone, tone, na aliijua sauti hiyo pia.

"Zatoa nini?" aliuliza.

"Joto, mama. Mashine haiui joto, inalihamisha tu. Linatolewa kwa vyumba vyao linaletwa nje."

"Nde wapi?"

Fundi alitazama alipokuwa amesimama. Alikuwa kijana mwungwana, na ilionekana hakuwahi kuulizwa swali hilo na mtu anayeishi chini ya viatu vyake.

"Hapa," alisema.

"Kwani wao hawana dari?"

"Dari iko, lakini wageni wanakula hapo, hawataki kelele. Na kwa barabara ni kwembamba sana. Nilikataa mwanzo, nikasema huku ni kwa wenyewe, na hakuna pahali pa fundi kukanyaga. Wakaniambia nisijali, kunaandaliwa paa. Kurudi wiki hiyo nikapata mabati tayari. Mzee Badawi mwenyewe ndiye alinionyesha."

"Badawi yuaingiyaje?"

"Si ndiye msimamizi wa gesti, mama? Tangu mwezi wa kwanza."

Bi Umulkheir alishika ubao wa mlango. Mwezi wa kwanza. Hamid alikuwa bado mgonjwa, na yule nduguye alikuwa akija jioni jioni kumsomea Yasini, akitoka aliangalia juu, kiwandani. Alidhani anatazama mbingu. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa kimevaa kanzu na kofia ya kufumwa, na kilisifiwa na waliokuja matangani wote.

Hakulia. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nazi, "Na leo zina nini?"

"Hakuna kubwa. Upepo ulileta gunia, likaziba mdomo wa ile ya tatu. Hizi zikikosa nafasi ya kutema joto, zinajizima zenyewe. Wageni wakaanza kupiga makelele."

"Zikijizima huharibika?"

"Haziharibiki. Zinajilinda tu. Ukitoa kizuizi, zinawaka."

"Allah akuweke, mwanangu. Umenifundisha jambo."

*

Alimpigia Badawi simu mara tatu. Ya nne aliipokea, na nyuma yake palikuwa na sauti za vikombe na za watu wakicheka.

"Badawi, ile ni pampu ya mayi?"

Badawi akatoka palipokuwa na watu, maana vikombe havikusikika tena.

"Nani aliyekwambia?"

"Hukuniuliza mimi, ukamuuliza nani? Umefunika kiwanda changu upate pa kutema joto la wazungu. Kisha ukalitia jina la Mtume. Sitara!"

"Punguza sauti, Bi Umulkheir. Na sitara imo pia, usinidhulumu. Jambo moya laweza kuwa na kheri mbili. Jamaludin amenipa kazi, na mimi nna wana wa kusomesha, na nyumba hii ni ya marehemu nduyangu..."

"Nyumba hii ni ya baba yangu! Alinipa mimi. Nduyo, Mungu amrehemu, alikuya hapa na mkoba mmoya na msahafu, na hakusahau hata siku moya kwamba yuko kwangu. Wewe umesahau kwa siku nne."

"Haya. Una huzuni. Nimekwambia, mwanamke aliye eda hashindani na waume. Ngoya ishe, tutaketi, tutazungumza kiungwana."

"Mwana ana homa."

"Nitaleta tokeni," Badawi alisema, na akakata.

Aliiweka simu chini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, wasema watu, lakini Badawi aliwajua kunguni hawa, ni yeye aliyewaleta. Bi Umulkheir alikaa pale kwenye sakafu iliyomuunguza nyayo, akawaza juu ya eda yake. Alimkalia Hamid eda kwa mapenzi, hakulazimishwa na mtu. Alijua mipaka yake vizuri kuliko Badawi, kwa kuwa aliisoma kabla Badawi hajaota jino. Haambiwi asiseme. Haambiwi asiamue katika mali yake. Anaambiwa asitoke nyumbani kwake bila dharura, asijipambe, asiposwe. Na dari la nyumba yake, na kila boriti iliyo juu yake, ni nyumbani kwake.

*

Bi Hindu alifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kama kila siku, kuja kumkanda Afra. Alikuwa mwanamke wa Kipungani mwenye miaka sitini na mikono ya mtu aliyesuka mikeka tangu utoto. Alikuta sufuria ya maji ya moto haijatengwa. Alimkuta Bi Umulkheir amejifunga buibui kiunoni, nyundo mkononi, na miguuni pake pana fungu la kamba na boriti mbili ndefu.

"Kunani?"

"Leo hukandi mtu, Bi Hindu. Leo twakanda mabati."

Bi Hindu alitazama juu, akatazama nyundo, akatazama chumbani kwa mtoto. Alikuwa akiyasikia yote tangu wiki iliyopita, na hakuwahi kuulizwa rai yake.

"Nilikuwa nangoya uyapate mato uone," alisema, akavua viatu.

Walianza upande wa dari la Bi Umulkheir. Misumari ilikuwa mipya na mafundi walikuwa wavivu, ilitoka kwa kulalamika kidogo tu. Walipolikomboa bati la kwanza upande huo, waliliinua kwa boriti, wakalisukuma. Upande wa pili, ule wa ukutani kwa Jamaludin, ulibaki umeshikwa na misumari yake chini ya mashine, kwa hivyo bati lilisimama wima kama mlango, likayumba, kisha likaanguka upande wa pili na kuegemea midomo ya mashine ya kwanza. Bi Hindu alipitisha kamba kwenye matundu ya misumari.

Kelele zilikuwa za kuamsha wafu. Kwenye dirisha la juu la gesti alitokea mzungu mmoja na kikombe, halafu mkewe, halafu simu. Bi Umulkheir alikuwa amejisitiri kuanzia utosi mpaka kucha, jasho linamwingia machoni. Aliwatazama mara moja.

"Wanapiga picha," Bi Hindu alisema.

"Nawapige. Miezi miwili nala joto lao, nao nawaone mlaji."

Bati la pili. La tatu. Kwenye la nne machozi yalimtoka Bi Umulkheir, bila sababu aliyoijua, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Alikuwa akimlilia Hamid, na akimlaani nduguye, na akivuta msumari, vyote kwa pamoja. Bi Hindu alimwacha. Mashine ya kwanza iliguna, ikatetemeka, ikanyamaza. Ya pili ikafuata. Kufika saa mbili na nusu mabati manane yalikuwa yamesimama mstari mmoja, yamefungwa kamba ncha kwa ncha. Yaliziba mashine, na yaliziba vilevile madirisha ya wageni yaliyokuwa yakichungulia chini. Mashine ya nne ilijikaza kama mlevi, kisha nayo ikazimika.

Ikawa kimya ambacho hakikusikika nyumbani humo tangu wiki ya msiba. Walisikia punda akikohoa uchochoroni. Walisikia mtu akikuna nazi nyumba ya tatu.

Walishuka. Bi Umulkheir alifungua mlango wa mbele na kuutia pazia, akafungua madirisha ya upande wa kivuli, akayafunga ya upande wa jua. Bi Hindu alivuta ndoo za maji ya kisimani, wakaiosha sakafu ya kiwanda, wakatundika mikeka miwili mibichi kwenye matao. Kisha wakasimama tu. Kwanza halikutokea jambo. Halafu pazia la mlango wa chini lilijaa upepo, likavimba, na hewa ya uchochoro ikapanda ngazi polepole, ikapita miguuni mwao, ikapita kwenye mikeka, ikaingia kwa Afra. Lile joto lililokuwa limelala kwenye kuta wiki kumi lilikuwa likitoka kiwandani kwenda mbinguni, na halikumgharimu mtu hata tokeni moja.

"Mama!" Afra aliita. "Amelishika ziwa!"

Emily alikuja saa nne kama alivyoahidi. Alipima mara mbili, kwa kutoamini. Thelathini na sita, nukta tisa. Alikwenda kiwandani, akatazama ile safu ya mabati yaliyosimama, akatazama mbingu iliyo juu yake, akacheka mpaka akakaa kwenye sakafu.

*

Waliokuja saa saba walikuwa wawili. Badawi alikuwa mbele, kofia mkononi, na nyuma yake Bwana Jamaludin mwenyewe, ambaye kwa siku sabini na moja hakuwahi kuufikia mlango huo hata kumpa mjane mkono wa tanzia. Walikaa darakani nje, kwenye baraza ya mawe, na Jamaludin alikuwa akijipepea kwa gazeti. Kanzu ilikuwa imemshika mgongoni.

Bi Hindu alishuka kuwasikiliza, akapanda.

"Wasema vyumba vinne vyote vina joto. Kuna wageni washatoa mikoba. Wasema ushushe yale mabati."

Bi Umulkheir alikuwa ameketi kiwandani juu ya mkeka, mgongo kwenye ukuta wa chokaa, na Nour amelala mapajani mwake na fulana moja tu. Hakuinuka.

"Waambie hayo mabati ni ya sitara. Mimi ni eda."

Bi Hindu alishuka, akapanda tena. Safari hii alikuwa ameuma midomo ili asicheke.

"Bwana Jamaludin asema hakukusudia ubaya. Atazihamisha mashine, atazitia yuu ya dari lake, ila kwanza nawe uzifungue. Ataka asikie neno lako mwenyewe. Na Badawi asema uteremke, usimame nyuma ya pazia, mzungumze kiungwana."

Bi Umulkheir alimtazama mtoto. Vipele vya shingoni vilikuwa vimeanza kufifia. Juu yao palikuwa na mraba wa mbingu ya buluu ambao hakuuona tangu siku ya nne ya msiba, na hakuwa na nia ya kuugawana na mtu.

"Waambie mwenye nyumba yu eda," alisema. "Hashindani na waume, wala hasemi nao wasiokuwa maharimu zake. Mambo ya nde amewaachia wao. Mashine wazihamishe, neno langu sharti lake nini? Ila wakitaka kuketi na mimi tuzungumze, zimebaki siku hamsini na saba."

"Wamesema ni dharura. Wageni wanachemka."

Bi Umulkheir alinyoosha mkono ukutani, akachukua kile kipepeo cha ukili kilichokuwa kimelala hakina kazi tangu asubuhi, akampa Bi Hindu.

"Wapelekee hiki," alisema. "Waambie wawapepee."